Kuboresha Spika za Mnarani kwenye Boti ya Wekibodi: Mwongozo kwa Wenye Boti wa Tanga

Anayeteleza kwenye wekibodi, ubao wa kusimamia unaovutwa na boti, yuko mita 18 hadi 23 nyuma ya boti, kadiri ya urefu wa kamba. Boti inakwenda kilomita 30 na kitu kwa saa, upepo unampiga masikioni, na injini inanguruma kati yake na muziki. Huyo ndiye anayefungiwa spika za mnarani, yaani kwenye fremu ya mabomba iliyo juu ya boti. Waliokaa ndani wana spika zao za ubavuni na zinawatosha. Ukiona wao ndio wanaoziba masikio huku wa nyuma anapunga mkono uongeze sauti, ujue kazi ilifanywa kinyume.

Wengi huanza na spika. Mtu anaziona Kariakoo, zinang'aa, anazipakia kwenye basi hadi Tanga, anazifunga juu ya waya ule ule na redio ile ile, halafu anashangaa tofauti haionekani. Mimi nitaanza na umeme, spika zije baadaye. Suala la chumvi litajitokeza kila hatua, kwa sababu hewa ya hapa haisubiri boti iguse maji ndipo ianze kula shaba.

Mwongozo huu unafaa kwa boti ya kiwandani iliyokuja na mnara wake, na unafaa pia kwa boti ya faiba yenye injini ya nje ambayo mnara wake umechomewa na fundi wa hapa hapa. Hiyo ya pili ndiyo yenye mambo zaidi, na nitaigusa mara kwa mara.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Chukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Kila kitu kikiwa kimezimwa, na betri ikiwa imepumzika, betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Washa injini: ukipata kati ya 13.8 na 14.4, inachaji vizuri.

Sasa fungulia muziki kwa sauti ya juu. Pima kwenye nguzo za betri, andika. Kisha pima pale umeme unapoingilia kwenye amplifaya, au kwenye redio kama hakuna amplifaya. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo inayopotea njiani. Ikizidi nusu volti, waya wako ni mwembamba au una viungo vilivyooza, na spika yoyote utakayofunga itakula njaa ile ile.

Ukimaliza hapo, shika mnara kwa mikono miwili uutikise kwa nguvu. Spika nne za inchi 8 pamoja na vikombe vyake, yaani makasha yanayozibeba, zinaweza kufika kilo 20, na kilo hizo zitaning'inia juu ya vichwa vya watu huku boti ikigonga mawimbi. Mnara ukicheza kwenye boliti za chini, fundi wa kuchomelea aje kabla ya fundi wa muziki. Na kama boti ina dira, angalia iko wapi. Sumaku ya spika huipotosha dira, kwa hiyo acha angalau mita moja kati yao, kisha linganisha usomaji wake kabla na baada ya kufunga.

Hatua ya 2: Hesabu ya sauti

Sehemu hii huwa inarukwa, na ndiyo inayookoa pesa.

Mahali pa wazi kama baharini, sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Chukua spika ya kawaida inayotoa desibeli 90 ukiwa mita 1 kwa wati 1. Ipe wati 100, itatoa desibeli 110 hapo hapo mbele yake. Kwenda hadi mita 20 inapoteza desibeli 26, hivyo anayeteleza anapata 84. Hicho ni kiwango cha barabara yenye magari mengi, na yeye ana upepo na injini juu yake. Wimbo anausikia kama mvumo tu.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kuongeza wati. Lakini kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Kutoka 84 kufika 90 unahitaji wati 400 kwa spika ile ile, kama koili yake itavumilia, na betri yako italia. Ukichukua badala yake spika yenye usikivu wa desibeli 96, yaani sauti inayotoa kwa wati 1 ukiwa mita 1, wati zile zile 100 zinakufikisha 90. Sauti sawa, umeme robo.

Spika za mnara zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu mara nyingi huwa na koo la tarumbeta katikati kwa sababu hiyo. Ni jambo tunalolijua mitaani: tarumbeta la wati 30 juu ya mnara wa msikiti Ngamiani linafikisha adhana mitaa kadhaa mbele, wakati spika kubwa ya ukumbini yenye wati mara kumi inafifia ukishatoka getini. Tarumbeta hukusanya sauti na kuituma upande mmoja.

Hasara yake ipo. Kwa karibu tarumbeta linachoma sikio, na besi halina. Boti ikiwa kazi yake kubwa ni kuvuta watu, mimi ningechukua za tarumbeta bila kufikiri mara mbili. Ikiwa unapeleka wageni kwenye fungu la mchanga na wekibodi ni ya mara moja moja, spika za kawaida za inchi 8 zitakupendeza zaidi, na anayeteleza atavumilia.

Hatua ya 3: Kuchagua spika

Geuza boksi usome nyuma. Namba kubwa ya mbele, ile iliyoandikwa kwa rangi, iache. Tafuta wati za RMS, yaani zile ambazo spika inazibeba mfululizo, na tafuta usikivu kwa desibeli. Hapa pana mchezo: baadhi ya watengenezaji hupima usikivu kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni kitu kimoja, lakini kwa spika ya omu 4 volti hizo ni wati 2, kwa hiyo namba imepanda desibeli 3 bila spika kuwa bora. Ukiona 2.83V kwenye spika ya omu 4, toa 3 kichwani mwako ndipo ulinganishe.

Koni iwe ya plastiki na ukingo wake uwe wa mpira. Koni ya karatasi inalowa na kulegea, na ukingo wa sponji unaungua na jua hadi ukiugusa unamomonyoka kidoleni. Spika za gari zinafanana sana na za boti kwa mbele. Tofauti iko nyuma, kwenye fremu ya chuma inayoshika kutu na teminali zisizofunikwa. Angalia alama ya IP: IP65 na kuendelea maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa na mpira hayaingii. IP65 haimaanishi kwamba spika inaweza kukaa chini ya maji, usidanganyike.

Inchi 6.5 mbili zinatosha boti ndogo. Inchi 8 mbili nzuri ni bora kuliko inchi 6.5 nne za bei rahisi, kwa sauti na kwa uzito wa mnara.

Hatua ya 4: Amplifaya na ukweli wa fyuzi

Amplifaya imeandikwa "3000W" na bei yake ni ya chakula cha wiki. Usibishane na muuzaji, tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Fyuzi ya ampea 30 mara volti 12.5 ni wati 375 zinazoingia. Hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachopokea, na baada ya kupoteza joto huenda ikatoa 300 au pungufu. Wati 3000 za kweli zingehitaji ampea 240 kabla hata ya kuhesabu hasara, na waya mnene kama kidole gumba. Kipimo hicho unaweza kukifanya dukani kwa kichwa, na mara nyingi muuzaji mwenyewe anacheka.

Chukua ya daraja D. Hupoteza umeme kidogo kuliko zile za zamani za daraja AB, na kwenye boti umeme ndio unaokosekana. Iwe ya baharini, yaani ubao wake wa ndani umepakwa kinga ya unyevu.

Kuhusu omu: spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba kwenye chaneli moja zinakuwa omu 2. Amplifaya iwe imeandikwa kwamba inaweza omu 2 kwa kila chaneli. Ukiunganisha chaneli mbili kuwa moja ili kupata nguvu zaidi, kila chaneli inaona nusu ya omu za spika, na amplifaya nyingi hazivumilii chini ya omu 4 kwa mpangilio huo. Mfano nitakaoutumia kuanzia hapa ni spika nne za omu 4, wati 100 RMS kila moja, mbili kila chaneli, na amplifaya ya chaneli mbili inayotoa wati 200 kwa omu 2 kila upande.

Hatua ya 5: Nyaya, fyuzi na betri

Wati 400 zinazotoka, kwa amplifaya inayotumia vizuri asilimia 80 ya umeme, ni wati 500 zinazoingia. Gawanya kwa volti 12.5: ampea 40. Tuseme kutoka betri hadi amplifaya ni mita 4. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 8. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6 utakula karibu volti 0.9 njiani. Wa 10 utakula 0.56. Wa 16 utakula 0.35, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 3 ya volti 12, kiwango kinachokubalika. Nunua wa 16, na njia ikiwa ndefu zaidi panda hadi 25.

Waya wenyewe unataka macho. Uliokusudiwa bahari ni shaba iliyopakwa bati: nje mweupe, ukiukwaruza kwa kisu ndani ni mwekundu. Uliojaa madukani ni aluminiamu iliyopakwa shaba: nje mwekundu, ukiukwaruza ndani ni mweupe. Ni kinyume kabisa, na jaribio lake ni la nusu dakika. Mazungumzo ya dukani huwa hivi:

"Kaka, huu ni shaba?"

"Shaba tupu, bosi wangu."

"Naomba nikate ncha nione."

Akisita, umeshapata jibu. Aluminiamu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, na ikikutana na chumvi huoza kwa unga mweupe ndani ya ganda bila wewe kuona.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18 kutoka nguzo chanya. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto ukichubuka, kwa hiyo kipande chochote cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Kwa mfano wetu weka ya ampea 60. Fyuzi zilizoko kwenye amplifaya hazihesabiki hapa.

Fundi wa muziki wa magari ana desturi moja utakayomkataza mapema: kufunga waya hasi kwenye bodi. Kwenye gari ni sawa. Boti ya faiba haina bodi ya kupitisha umeme, na mnara wa aluminiamu usiugeuze kuwa waya. Umeme unaovuja kwenye chuma kilicholoa maji ya chumvi hukila chuma hicho kwa kasi ya kutisha, pamoja na boliti na hata sehemu za injini zilizo majini. Waya hasi urudi hadi betri, unene ule ule.

Viungo: tumia teminali za kubana kwa koleo lake maalumu, kisha zifunike kwa mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kuviringisha na kufunga tepu hakudumu hata msimu mmoja. Kulehemu peke yake nako si kuzuri kwa waya unaotikisika, kwa sababu pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu na kukatika.

Sasa betri. Muziki hautumii ampea 40 muda wote; kwa wastani, hata ukiupandisha, utakuwa kama 15. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 usiishushe chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una 50 za kutumia, ambazo ni saa 3 na ushee injini ikiwa imezimwa. Lakini betri hiyo isiwe ile inayowasha injini. Weka mbili na swichi ya kuzitenganisha: moja ya kuwashia, moja ya muziki. Mko fungu la mchanga, maji yanaanza kujaa, na betri pekee imeishia kwenye singeli. Hapo hakuna cha kufanya ila kusubiri boti ipite.

Wenye injini za nje zingatieni hili. Injini ya ndani ya boti ya wekibodi huwa na oltaneta ya ampea 70 au zaidi. Injini ya nje ya farasi 40 nyingi hutoa chini ya ampea 20, nyingine chini ya 10, na baadhi hazina hata kidhibiti cha chaji. Kwa hizo, chaji betri ya muziki nyumbani kwa umeme wa ukutani usiku wa kuamkia safari, na usitegemee injini iirudishe.

Hatua ya 6: Kufunga spika mnarani

Pima kipenyo cha nje cha bomba kwa kaliba, si kwa tepu ya fundi cherehani. Vibano vya spika huja kwa vipimo maalumu, na milimita mbili za tofauti zinatosha spika kuzunguka yenyewe ukiwa katikati ya safari. Kibano kiwe na utando wa mpira ndani. Mpira huo huzuia kuteleza, na pia huzuia chuma cha pua kugusana na aluminiamu, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi aluminiamu ndiyo inayoliwa. Boliti ziwe za chuma cha pua daraja la 316, na nyuzi zake zipakwe grisi ya baharini.

Kaa mbali na pale kamba inapofungwa. Kamba ikikatika au ikiachiwa hurudi kwa nguvu, na spika iliyo njiani itavunjika, au itavunja mtu.

Kisha uelekeo. Spika za mnarani nyingi nilizoziona zimeinamishwa mno, zinatazama injini na vichwa vya waliokaa nyuma. Fanya hesabu ya macho: spika ziko mita 2 na ushee juu ya maji, kichwa cha anayeteleza kiko kama mita 1.7 juu ya maji, na kati yao kuna mita 20. Spika inatakiwa iwe karibu sawa na upeo wa macho, imeinama kidogo sana. Boti ikiwa kwenye trela, mwambie mtu asimame mita 20 nyuma, juu ya kitu kitakachofikisha kichwa chake kwenye kimo hicho ukihesabu kutoka mstari wa maji wa boti. Wewe chungulia kutoka nyuma ya spika; unapomwona usoni, kaza. Boti ikikimbia omo huinuka na nyuma hushuka, kwa hiyo acha nafasi ya kurekebisha kidogo baharini.

Uelekeo huu unawasaidia pia walio ndani. Kiwango kinachohesabiwa salama kwa sikio ni desibeli 85 kwa saa 8. Kwenye 100 ni robo saa tu. Mtoto aliyekaa chini ya spika iliyoinamishwa, yenye desibeli 110, ataumia masikio wakati nyote mnadhani anafurahi.

Hatua ya 7: Kupitisha nyaya kwenye bomba

Toboa tundu upande wa chini wa bomba, usitoboe juu, na kila tundu livalishwe mpira. Ukingo wa aluminiamu iliyotobolewa ni wembe, na boti inatikisika maelfu ya mara kwa siku moja. Vuta kwanza kamba ya nailoni, kisha uitumie kuvutia nyaya. Pale waya unapoingia kwenye spika, uache uning'inie kwa mkunjo chini ya tundu ili maji yadondokee hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Kwa spika za wati 100, waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha, nao uwe wa shaba yenye bati. Kabla ya kufunga vikombe, gusa ncha za waya kwa betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya: koni iruke kwenda nje. Ikirudi ndani, umegeuza. Spika moja iliyogeuzwa haitakaa kimya, ndiyo maana inakuwa ngumu kuigundua. Itaua besi tu na kufanya sauti ionekane haina mahali inapotoka.

Hatua ya 8: Kurekebisha geini

Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya, na ikizidi, mawimbi ya umeme yanakatwa vichwa, koili inapata joto, na spika inaungua hata kama wati zake zilikuwa sahihi. Spika nyingi zinazosemwa "zimeungua kwa nguvu nyingi" ziliungua hivi.

Ondoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Zima vichujio vyote, weka besi na trebo kwenye sifuri. Redio iwe robo tatu ya mwisho wake. Cheza mlio mmoja usiobadilika wa hezi 60. Multimita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kupimia umeme wa nyumbani wa hezi 50, na mlio wa juu sana zinausoma vibaya. Weka multimita kwenye volti za AC, gusa matokeo ya amplifaya, na upandishe geini polepole hadi ufikie volti unayoitaka.

Volti hiyo ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Kwa mfano wetu, wati 200 mara omu 2 ni 400, kipeuo chake cha pili ni 20. Ukifika volti 20, simama, na weka alama kwa rangi ya kucha ili asiyejua asikizungushe.

Rudisha spika, kisha washa kichujio kinachozuia besi chini ya hezi 80 au 100. Spika za mnarani hazina kasha la kutosha kuibeba besi hiyo, na umeme unaopotea hapo ni mwingi. Ukitaka besi, weka sabufa chini ya kiti.

Hatua ya 9: Jaribio la majini

Toka asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ghuba ya Tanga ina bahati ya kuwa na kisiwa cha Toten katikati yake, na maji hapo hutulia kuliko nje. Angalia maji: wakati wa bamvua tofauti ya kupwa na kujaa huzidi mita 3, na mahali palipokuwa salama kuvuta mtu saa tatu asubuhi panaweza kuwa mwamba saa sita.

Mtu ateleze kweli. Kusimama ufukweni na kusikiliza hakupimi kitu. Kubalianeni ishara: mkono juu kwa kuongeza, kiganja chini kwa kupunguza, na moja ya kusema "maneno hayasikiki", ambayo maana yake kwa kawaida ni uelekeo mbaya, si sauti ndogo. Rekebisha spika nyuzi chache, jaribu tena. Aliye kwenye boti akimtazama anayeteleza awe na swichi ya kuzima muziki karibu na mkono wake. Mtu akianguka na kupiga kelele, nahodha lazima asikie.

Kuna na wenzetu baharini. Maji yaliyotulia hubeba sauti mbali sana, na spika hizi umezichagua makusudi zifike mbali. Ukikaribia ngalawa au mtumbwi punguza mwendo kwanza, muziki baadaye: wimbi la nyuma ya boti yako ndilo litakalompindua mzee aliyetega mishipi, na baada ya hapo hakuna atakayekusikiliza ukijieleza. Nyavu zilizotegwa zipite kwa mbali. Karibu na makazi, adhana inapolia, zima. Na Ghuba ya Tanga, pamoja na visiwa vya Toten, Yambe na Karange, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Ulizia utaratibu wao kabla hujavuta mtu.

Hatua ya 10: Baada ya kila safari

Maji baridi yasiyo na chumvi, kwa mpira wa kawaida bila presha kubwa, ukianzia juu ya mnara kushuka. Usielekeze maji ya nguvu kwenye koni. Futa kwa kitambaa, kisha zigeuze spika zitazame chini au zivalishe mifuko ya kitambaa kizito. Jua la mchana la Tanga linaua ukingo wa mpira kuliko muziki unavyoweza kuuua. Mara moja kwa mwezi fungua kifuniko cha amplifaya na teminali za betri, tafuta unga wa kijani au mweupe, safisha, paka grisi. Kaza vibano.

Fyuzi ikikatika mara moja, badilisha kwa ya ampea zile zile. Ikikatika tena, usipandishe. Mahali fulani waya umechubuka, na pa kwanza pa kutafuta ni pale unapoingilia kwenye bomba la mnara.